Sikukuu Inahesabika: Kibarua, Usikubali Kuanzishiwa Hesabu Upya



Kila tarehe 1 Mei viongozi hupanda jukwaani kuwapongeza wafanyakazi. Bendi zinapigwa, nyongeza za mshahara zinatangazwa, makofi yanapigwa. Saa hiyo hiyo kibarua wa Sofia au Kaloleni amekaa kibarazani, mfukoni hana kitu, kwa sababu yadi imefungwa. Siku ya wafanyakazi ndiyo siku ambayo mfanyakazi wa chini kabisa halipwi. Aliyeajiriwa ofisini anapumzika na mshahara wake uko pale pale. Kibarua anapumzika na njaa yake.

Tulishazoea, si ndiyo? Tunasema ndiyo maisha ya vibarua, no work no pay. Lakini hii si ajali ya maisha. Kuna watu wanaotumia sikukuu kama panga la kukata siku zako za kazi ili usifike popote. Na sheria ya Kenya imekataza, tangu 2007. Shida ni kwamba karatasi iko Nairobi, na nyapara yuko hapa.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawalijui vizuri.

KENYA HAKUNA PESA YA KUKOSA KAZI

Ukisikia jamaa aliye Ulaya anasema alifutwa kazi na serikali inamlipa kila mwezi hadi apate nyingine, usidhani hapa kuna ofisi kama hiyo umekosa tu kuonyeshwa mlango. Haipo. NSSF inalipa uzeeni, inalipa mtu akipata ulemavu wa kumzuia kufanya kazi, inalipa warithi mtu akifariki. Kukosa kazi hakumo. Inua Jamii ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kijana wa miaka 26 mwenye mikono miwili, aliyeambiwa jana "usirudi", hamo kwenye daftari la mtu yeyote.

Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, kifungu cha 43. Inaendelea kusema Serikali itawasaidia wasioweza kujikimu na wanaowategemea. Maneno mazuri. Lakini Serikali hiyo hiyo imejua kukata asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya SHA kwenye malipo ya watu, na bado haijapata njia ya kumwekea mfanyakazi akiba ya siku atakayofutwa.

Kwa hivyo, kwa kibarua wa Taita Taveta, kitu pekee kinachosimama kati yako na sifuri siku kazi ikiisha ni haki zako za Sheria ya Ajira: notisi, likizo uliyoichuma, malipo ya utumishi. Na haki hizo zote zinategemea swali moja tu: UMEFANYA KAZI SIKU NGAPI MFULULIZO?

Hapo ndipo sikukuu inapoingia.

MCHEZO WENYEWE

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Huyo ndiye kibarua kisheria. Ameitwa kupakua lori la simiti, amepakua, amelipwa, ameenda zake. Huyo hatuna kesi naye wala na bosi wake. Hatusemi mtu aliyepakua lori Alhamisi alipwe Ijumaa Kuu.

Lakini wewe uko kwenye yadi hiyo hiyo tangu mwaka juzi. Unajua funguo zinawekwa wapi. Wateja wanakujua kwa jina. Wewe si kibarua, umeitwa tu kibarua.

Kifungu cha 37 kinasema hivi kwa lugha yetu: kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikajumlishwa zikafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi 3, hapo ajira yake inageuka. Inahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, na huwezi kuachishwa bila notisi ya maandishi ya siku 28. Na akiendelea hadi miezi 2 au zaidi tangu aanze, anastahili masharti yote ya Sheria ya Ajira kama vile hakuwahi kuanza kama kibarua.

Wajanja wanakijua kifungu hiki kuliko sisi. Wanachofanya ni kuhakikisha mwezi haufiki. Na njia rahisi kuliko zote ni sikukuu. "Kesho sikukuu, msije. Keshokutwa tutaangalia nani anaingia." Ukirudi unaandikwa jina upya kama mgeni. Ukiuliza, unaambiwa ulikatiza, kwani jana ulikuwa wapi? Jana nilikuwa wapi! Si wewe uliyefunga geti?

Sasa sikiliza kifungu kidogo cha pili cha hicho hicho cha 37, maana hiki ndicho kinachofichwa. Kinasema wakati wa kuhesabu mshahara na siku za kazi mfululizo, kibarua ana haki ya siku moja ya mapumziko YENYE MALIPO baada ya siku 6 za kazi, na siku hiyo ya mapumziko, PAMOJA NA SIKUKUU YOYOTE YA UMMA iliyoangukia katikati, itahesabiwa kuwa sehemu ya siku za kazi mfululizo.

Soma tena. Sikukuu haikatizi. Sikukuu inahesabika.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme kijana alianza kazi Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, akaingia kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu 2 zilizo kwenye sheria, hadi Jumanne tarehe 4 Novemba. Katikati kulikuwa na tarehe 10 Oktoba na tarehe 20 Oktoba, Mashujaa. Nyapara atakwambia huyu ameingia siku 24, bado hajafika popote. Sheria inasema: siku 24 alizofanya, Jumapili 4 za mapumziko, sikukuu 2, jumla siku 30. Mwezi umetimia. Ajira imegeuka. Nyapara apende asipende.

MWAKA MZIMA WA KUKATWA

Sikukuu zilizo kwenye sheria, za watu wote, ni 11 kwa mwaka: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, Madaraka, Idd-ul-Fitr, 10 Oktoba, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi na 26 Desemba. Angalia zilivyopangika. Kuanzia 10 Oktoba hadi 1 Januari ziko 6, ndani ya wiki 12. Mtu anayetaka kukukatizia mwezi hahitaji hata kujisumbua kutafuta sababu. Kalenda imemfanyia kazi.

Halafu kuna za kutangazwa ghafla. Tarehe 13 Novemba 2023, kupanda miti. Tarehe 10 Mei 2024, kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti tena. Tarehe 1 Novemba 2024, kuapishwa kwa Naibu Rais, na hiyo tangazo lilitoka siku moja kabla. Aliye na mshahara alifurahi, wikendi imekuwa ndefu. Kibarua aliyekuwa amepangia mia tano ya Ijumaa kununua unga, alijua Alhamisi jioni kwamba hakuna.

Na sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake inakuwa mapumziko. Mwaka 2025 Madaraka ilikuwa Jumapili, kwa hivyo Jumatatu tarehe 2 Juni ikafungwa. Wiki hiyo hiyo Ijumaa tarehe 6 ikatangazwa kuwa sikukuu ya Idd-ul-Azha. Siku 2 kati ya 6. Mtu wa shilingi 500 kwa siku alibeba 2,000 badala ya 3,000, na ndiyo wiki ya kuchinja na ya watoto kutaka nguo.

Upande wa pili kuna wenzetu wa mahoteli na kambi za Tsavo, na wa mikahawa ya barabara kuu hapa Voi na Maungu. Hao sikukuu haiwafungii kazi, inawaongezea. Pasaka na Krismasi wageni wanajaa, vibarua wanaitwa kwa wingi, wanaosha vyombo hadi usiku wa manane. Wanalipwa bei ile ile ya Jumanne ya kawaida. Amri ya Jumla ya Mishahara inasema saa za ziada siku ya sikukuu au ya mapumziko hulipwa MARA MBILI. Kwa hivyo ni mchezo mmoja wenye sura mbili: kazi ikiwa chache, sikukuu ni yako, nenda nyumbani. Kazi ikiwa nyingi, hakuna sikukuu, shika sufuria.

NA IDD ZETU?

Hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu huwa tunadanganywa na sisi wenyewe tunadanganyana.

Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya Wakenya wote kwa mujibu wa Sheria ya Sikukuu za Umma. Idd-ul-Azha iko kwenye sheria hiyo hiyo, lakini imeandikwa kuwa ya Waislamu. Miaka ya karibuni waziri amekuwa akitangaza kwenye gazeti rasmi iwe ya wote. Lakini hata mwaka ambao hakutangaza, kwako wewe Muislamu ni sikukuu kisheria. Kijana aliyeenda kuswali Idd ya kuchinja hakutoroka kazi. Bosi akisema "kwa wengine ilikuwa siku ya kazi, wewe ulikuwa wapi", jibu liko kwenye sheria ya nchi, hata kabla hujaanza kumweleza habari ya dini.

Na tusijifanye wanaofanya haya ni watu wa nje tu. Wapo wenye hardware, wenye malori, wenye mikahawa na wajenzi wa nyumba za kupangisha ambao tunasimama nao safu moja msikitini. Wanakaa mbele. Wanatoa futari Ramadhani na tunawaombea dua. Wote wameisikia khutba ya jasho la mfanyakazi, kila mwaka, na wanatikisa kichwa. Alhamdulillahi kwa futari. Lakini futari ya sahani moja haifuti siku 21 za likizo ambazo hujawahi kumpa mtu aliyekubebea simiti mwaka mzima. Sadaka ni hiari yako. Haki ya mfanyakazi si hiari yako.

"SISI BIASHARA NDOGO TUTOE WAPI?"

Hoja hii tunaisikia na tusiipuuze. Mwenye duka anasema nimefunga, sijauza, nilipe kwa pesa gani? Ni kweli kuna wafanyabiashara wadogo Voi ambao wao wenyewe wanaishi kwa kubahatisha.

Lakini angalia. Mwenye nyumba ya duka hakati kodi ya siku ya Jamhuri. Benki haikati riba ya Ijumaa Kuu. Kaunti haipunguzi leseni kwa sababu kulikuwa na Mashujaa. Gharama zote za biashara zinatembea siku ya sikukuu, na tajiri amezikubali zote kama sehemu ya biashara. Inayosimamishwa ni moja tu, ya mtu asiyeweza kubisha. Basi tusiite umaskini wa biashara. Ni uchaguzi wa nani abebeshwe.

Na kumbuka, wengi wetu hata hatuanzi na malipo ya siku ile. Tunaanza na HESABU. Kuandika kwamba Mashujaa ilikuwa katikati ya mwezi wangu wa kazi hakumgharimu bosi shilingi moja leo. Kwa nini basi anakataa? Kwa sababu anajua siku moja itabidi akulipe kama mfanyakazi.

Siku hiyo ni ngapi? Kwa mtu wa 500 kwa siku, likizo ya mwaka peke yake ni siku 21 za kazi, shilingi 10,500. Siku moja ya mapumziko kila wiki kwa wiki 52 ni shilingi 26,000. Weka notisi ya siku 28. Weka malipo ya utumishi kwa kila mwaka, kama hukuwa unachangiwa NSSF. Hiyo si pesa ya kujenga ghorofa. Lakini ni kodi ya miezi kadhaa Mwakingali ukitafuta kazi nyingine. Hiyo ndiyo pesa ya kukosa kazi tuliyo nayo Wakenya. Nyingine hatuna.

TUKIVUKA HOLILI

Watu wa Taveta hawahitaji kusafiri mbali kuona mfano. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 kisha akaachishwa kazi anaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Afrika Kusini, mfanyakazi anachangia asilimia 1 na mwajiri asilimia 1, na anayeachwa nje kwa uchache wa saa ni yule anayefanya chini ya saa 24 kwa MWEZI. Yaani hata mtu wa siku tatu nne kwa mwezi anaingia.

Kwa hivyo ule wimbo wa "vibarua hawawezi kuwekwa kwenye mfumo" si kweli. Wanaweza.

Lakini oneni kitu. Kote huko mlango wa kuingilia ni hesabu: miezi uliyochangia, saa ulizofanya. Na Kenya ikianzisha mfuko kama huo siku moja, na lazima tuudai, itauliza swali lile lile. Umefanya kazi miezi mingapi? Kijana ambaye kila sikukuu ilimrudisha mwanzo ataonekana kwenye karatasi kama mtu ambaye hajawahi kuajiriwa maishani. Amebeba mawe miaka 6, karatasi inasema siku 24. Tukiacha hesabu iharibiwe leo, tunajifungia mlango wa kesho kwa mikono yetu.

SASA TUFANYE NINI

1. Nunua daftari la shilingi 20. Kila siku andika tarehe, mahali, kazi, aliyekuita, ulicholipwa. Siku ya sikukuu usiiache wazi. Andika: "Sikukuu, bosi alifunga." Au: "Sikukuu, nilifanya kazi, nililipwa kiasi hiki."

2. Usifute meseji za M-Pesa. Ukilipwa kwa simu una ushahidi wa tarehe na jina la aliyelipa. Meseji ya "kesho msije ni sikukuu" ni dhahabu, maana inaonyesha aliyefunga ni yeye, na alikuwa anakutegemea urudi.

3. Ajira ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Asipouleta, mbele ya sheria mzigo wa kuonyesha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Usiogope kwa sababu "sina barua".

4. Soma kabla ya kuweka sahihi. Kuna karatasi za kila mwezi zinazosema umelipwa haki zako zote na unaanza upya. Ukilazimika kuweka sahihi, ipige picha.

5. Anayelipwa kwa kipande, kwa mfano kwa idadi ya matofali au mafungu ya mkonge, ajue sheria inaitazama kazi ya kipande kwa njia yake. Usichukue hesabu ya mwenzako ukaifanya yako. Uliza kwanza.

6. Nenda kwa afisa wa leba wa kaunti, au chama cha wafanyakazi cha sekta yako, na usikae sana. Madai ya ajira yana muda wa miaka 3, ukipita umekosa.

7. Msiende mmoja mmoja. Sheria inasema kulalamika au kufungua kesi si sababu halali ya kufutwa kazi. Lakini sote tunajua anayeongea peke yake ndiye wa kwanza kuambiwa "leo hatukuhitaji". Watu 9 wenye madaftari 9 yanayosema kitu kimoja ni habari nyingine.

Na wewe uliye na kazi ya ofisi, au unayesoma TTU au chuo chochote, usipite tu ukaweka moyo. Msaidie ndugu yako kuandika. Wengi wanaobebeshwa hawakosi akili ya hesabu, wanakosa saa moja ya kukaa na mtu anayeelewa fomu.

Kwa waheshimiwa wetu wa kaunti na wabunge: kaunti yenyewe inachukua vibarua wa usafi na wa barabara. Anzeni na daftari lenu. Tuonyesheni kwamba sikukuu zinahesabiwa huko kabla ya kutupigia hotuba ya Mashujaa.

Sikukuu ijayo wakikufungia geti, nenda nyumbani, pumzika, kaa na watoto. Lakini usilale kabla hujafungua daftari ukaandika siku hiyo. Ni yako.

#SikukuuInahesabika

Mtumie mwenzako mmoja wa mjengo, mmoja wa shamba la mkonge, mmoja wa hoteli.